Konfleksi za Baba na Fomu ya Mzigo Wenye Shaka

Jumatatu, 4 Machi

Kliniki leo. Nimempeleka Baba kwenye miadi yake ya sukari. Tumerudi hatusemezani.

Mshauri wa lishe ni binti mdogo, mpole, ana kadi za picha za vyakula anazozipanga mezani mafungu mawili. Shikamoo mzee, marahaba, pole na foleni. Sukari ya asubuhi kabla ya kula: tisa nukta moja. Mwezi uliopita ilikuwa nane. Akasema kwa sauti ya chini, utafikiri kuna mtoto amelala chumba cha pili, kwamba dawa peke yake hazitoshi, mzee apunguze vyakula vilivyosindikwa sana. Baba akaitikia vizuri tu. Soda? Hanywi. Soseji? Hali. Biskuti? Za wageni hizo. Anajibu haraka haraka kama mwanafunzi aliyekesha na daftari.

Kisha binti wa watu akanyanyua kadi yenye bakuli la konfleksi na maziwa, akaiweka fungu la kushoto. Fungu baya.

Loh! Baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema hayo ni mahindi. Mahindi na moto, basi! Akasema yamepita mikononi mwake kiwandani miaka thelathini na moja, yeye ndiye aliyesimama kwenye rola, na kama hayo yamesindikwa basi na yeye kasindikwa. Halafu akanigeukia.

"Muulize huyu. Huyu ni mtu wa ubora pale pale kiwandani. Mama, hebu mwambie mwenzio."

Nikasema inategemea. Inategemea! Miaka kumi na minne ya koti jeupe na jibu langu ni inategemea. Binti akanitazama kwa huruma, Baba akanitazama kama mtu aliyeuziwa saa mbovu.

Tumefika nyumbani, kabla hata hajavua viatu, kajimiminia bakuli. Saa tisa mchana. Anakula huku ananiangalia usoni. Makusudi mazima.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimepita kwenye mstari wa uzalishaji kwa macho ya yule binti. Kila siku napita pale, nachukua sampuli, napima unyevu, napima unene, naandika. Leo nilisimama tu.

Mahindi yanaingia yamekwisha kukobolewa, kiini kimetolewa, yamevunjwa vunjwa. Yanakwenda kwenye jiko la mvuke na kimea, chumvi, sukari kidogo. Yanazunguka humo zaidi ya saa nzima mpaka yanalainika na kuwa ya kahawia. Yanakaushwa. Yanapumzishwa. Halafu rola — vyuma viwili vinavyobana punje mpaka inakuwa bapa kama ukucha. Halafu tanuri. Halafu pipa linalozunguka, na humo yanapuliziwa shira na vitamini. Mfuko. Boksi. Juu ya boksi, picha ya shamba na jua linachomoza.

Mahindi na moto, basi. Ehe!

Nikamwuliza Miwani, mwenzangu wa maabara (miwani yenyewe huwa juu ya kichwa, haijawahi kukaa machoni). Siriali, hizi nafaka za kifungua kinywa tunazotengeneza, ni chakula kilichosindikwa au siyo? Akaniuliza kama nimeamka salama. Kila kitu humu kimesindikwa, anasema, la sivyo mimi na wewe tunalipwa kwa kazi gani? Ila akaongeza kwamba zinatofautiana. Oti za mstari wa pili zinapigwa mvuke, zinabanwa, zinafungwa — ni kama tumezigusa tu. Konfleksi ni habari nyingine.

Hilo neno "sana" la yule binti ndilo linalonisumbua. Sana ni kiasi gani? Kwetu kila kitu kina kipimo. Unyevu usizidi tatu kwa mia. Hakuna kipimo cha "sana".

Jumatano, 6 Machi

Mjadala wa meza ya asubuhi umefunguliwa rasmi, na Baba ndiye mwenyekiti.

Mkate umesindikwa? Nikasema ndiyo. Maziwa? Yamechemshwa, ndiyo, kidogo. Majani ya chai? Yamekaushwa, ndiyo. Akanyanyua glasi ya maji. Na haya? Nikasema Baba, jamani. Akasema hapana, haya yamechujwa, yametiwa dawa, yamepita kwenye bomba, sasa kwa sheria yenu mpya nifungue kinywa na nini, na hewa? Nilijizuia kucheka nikashindwa. Nikapaliwa na chai.

Ukiwa na Baba mezani ni lazima ushindwe. Lakini nilimwona pia akimimina. Bado anafanya vile vile: anamwaga konfleksi, anamwaga maziwa ya baridi, halafu anainamisha sikio karibu na bakuli. Anazisikiliza. Watu wa rola wote walikuwa hivyo, walijua kwa sikio kama vyuma vimeachana zaidi au vimebana mno. Tangu astaafu ni miaka tisa, na bado anasikiliza.

Dada kapiga simu mchana. Nimemweleza. Hana simile yule — tupa boksi, anasema, akilia mwache alie. Ni rahisi kusema ukiwa mji mwingine.

Alhamisi, 7 Machi

Boksi halipo kabatini jikoni. Nimelikuta kwenye kabati lake la nguo, nyuma ya tai. Mtu wa miaka sabini na mbili!

Nimeliacha pale pale.

Ijumaa, 8 Machi

Nina mpango. Nauandika hapa ili nione kama ni wa kijinga.

Kabla ya pipa la shira kuna mlango mdogo wa kuchukulia sampuli. Pale konfleksi zimetoka kwenye tanuri lakini hazijapuliziwa kitu. Hazing'ai. Leo baada ya vipimo ilibaki nusu mfuko wa kwenda kutupwa, nikamwomba msimamizi wa zamu, akasema chukua tu. Nikafikiri: adui ni shira. Nikiiondoa shira, mzee atakula bakuli lake, roho yake itatulia, sukari itashuka, na hakuna atakayeshindwa na mwenzake. Naweka kwenye boksi lake. Yeye hatajua.

Ule mfuko ulikuwa na joto bado. Nikauweka kwapani kama mkate nikasimama pale karibu na mizani, na harufu ikanirudisha nyumbani, Ijumaa za zamani. Ijumaa kiwanda kiliwaruhusu wafanyakazi kuondoka na chenga, zile zilizovunjika. Baba alikuja na gunia dogo begani na vumbi la njano kwenye nyusi. Mama alikuwa amefariki, mimi nina miaka sita, Dada kumi. Baba hakujua kupika hata yai. Kila asubuhi, saa kumi na moja, kabla hajaenda zamu, aliweka mezani bakuli mbili za chenga akazifunika kwa sahani, na jagi la maziwa katikati. Tukiamka hayupo. Bakuli zipo. Sikumbuki hata siku moja ambayo hazikuwepo.

Sidhani kama ni mpango wa kijinga.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeufanya. Baba alipokwenda kunyolewa nikatoa boksi kwenye tai, nikamimina za zamani kwenye chombo, nikajaza mpya kwenye mfuko ule ule wa ndani, nikakunja, nikarudisha nyuma ya tai. Dakika kumi. Natazama mlango kama mwizi wa kuku.

Jioni Dada akampigia Baba. Siyo mimi, yeye. Waliongea muda mrefu, Baba kasimama dirishani kanipa mgongo. Alipokata simu nikauliza kuna nini. Hakuna kitu, anasema, dada yako anakusalimu. Chakula cha usiku hakumaliza. Nadhani kamsema kuhusu boksi. Dada naye ana mdomo!

Jumapili, 10 Machi

Siku ya majaribio. Nilijifanya nasoma gazeti.

Akamimina. Maziwa. Akainamisha sikio. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida — nikageuza ukurasa ambao sijausoma! Akaweka kijiko mdomoni, akatafuna taratibu, akaniuliza:

"Zamu gani hii?"

Nikasema sijui Baba, imetoka dukani. Akasema mm. Akala yote.

Baada ya saa mbili nikampima. Nilikuwa na hakika, nilikuwa tayari nimechagua na maneno ya kumwambia yule binti wa kliniki. Mashine ikatoa kumi na tatu nukta tisa. Nikabadilisha kijiti nikampima kidole kingine. Kumi na tatu nukta saba.

Bila shira! Bila hata tone!

Baba akafuta kidole chake kwa pamba, akauliza ngapi. Nikamwambia ukweli. Akasema hiyo mashine mbovu. Lakini hakusema kwa nguvu kama siku zote. Alikwenda kukaa barazani peke yake, akakaa na mikono magotini.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemweka Miwani kitimoto kutwa nzima. Kwa nini? Nimeondoa shira, kwa nini ipande vile?

Akashusha miwani machoni, kwa mara ya kwanza naona, maana yake jambo ni zito. Akachukua punje ya mahindi makavu na kipande kimoja cha konfleksi akaviweka kwenye kiganja changu. Tafuna hii, akasema. Jino likataka kutoka. Haya, tafuna hiyo. Ikayeyuka. Akasema ndiyo hivyo. Tumeipika, tumeibana, tumeikausha mpaka haina ubishi. Kazi ya meno na ya tumbo tumeifanya sisi humu ndani. Mwilini inaingia moja kwa moja, shira iwepo isiwepo.

Kwa hiyo kilichompandisha Baba sukari siyo pipa peke yake. Ni jiko la mvuke. Ni tanuri. Ni rola.

Ni rola, jamani. Nitamwambiaje huyu mzee kwamba ni rola?

Jumatano, 13 Machi

Nimekamatwa.

Nimetoka kazini, nakuta mfuko wa ndani wa boksi umelazwa mezani, umenyooshwa vizuri, kona moja imegeuzwa juu. Baba amekaa nyuma yake na miwani yake ya kusomea. Mkono wake umeelekeza kwenye kona. Nikainama.

Saa 4.40. Sampuli ya 3. Na herufi zangu mbili za jina.

Kwa makapeni yangu mwenyewe, ile kalamu nene ya maabara! Kwa mwandiko wangu! Miaka kumi na minne, kila mfuko ninaoufungua naandika kona ya juu kulia: saa, namba, herufi. Mkono umezoea, haungoji kichwa, hata nikiwa nyumbani. Niliubadilisha mzigo kwa siri kubwa, halafu nikautia sahihi. Mwizi gani anaacha kitambulisho chake juu ya meza?

Kwanza alicheka. Alicheka vizuri, na mimi nikacheka, nikadhani yameisha. Akasema alijua tangu Jumapili, kwa sikio, kwamba zimetolewa kabla ya pipa, kwa kuwa zenye shira zinakawia kulowa na hizi zilinyamaza upesi. Alikuwa anangoja tu nimwambie mwenyewe. Siku tatu amengoja.

Hapo kicheko kikamwisha.

"Kumbe hivi ndivyo mnavyofanya siku hizi, Bibi Ubora?"

Hajawahi kuniita hivyo. Nilisema nilikuwa najaribu kumsaidia. Akasema najua. Akasema lakini mtu wa ubora akiwa na shaka na mzigo habadilishi kimya kimya usiku wakati mwendesha mashine hayupo. (Haikuwa usiku, alikuwa kwa kinyozi, lakini sikumsahihisha.) Anajaza fomu. Akanikumbusha kisa ambacho nimekisikia mara mia: mtu wa ubora wa enzi zake, kijana mdogo, alizuia mzigo wa zamu nzima kwa sababu rola ilikuwa imelegea kidogo. Wenzake walitaka kumpiga yule kijana. Baba alichukua fomu akasoma, akaweka sahihi, akaenda kukaza rola.

"Mimi na fomu sijawahi kubishana. Niletee fomu. Ukiandika utupwe, sitakula tena mpaka naingia kaburini. Lakini uandike wewe, kwa mkono wako, siyo vile vikadi vya picha."

Nimemkosea. Siyo kwa konfleksi. Kwa kumfanya mtoto ndani ya nyumba yake.

Alhamisi, 14 Machi

Nimechukua fomu moja kwenye daftari la maabara. Miwani kauliza ya nini, nikasema ya Baba, akadhani natania.

Fomu ya Mzigo Wenye Shaka. Ukurasa mmoja tu. Bidhaa, kiasi, tarehe ya uzalishaji, wapokeaji, shaka iliyopo. Chini visanduku vitatu: upite, uzuiwe, utupwe. Chini kabisa sahihi mbili, ya mwendesha mashine na ya ubora. Utaratibu ni kwamba mwendesha mashine anajaza sehemu yake kwanza. Anautambua mzigo kuwa ni wake. Bila hiyo, ubora hatii alama.

Baba kaipokea kwa mikono miwili. Akaenda nayo chumbani.

Asubuhi hii hakula konfleksi. Wala kesho hatakula, anasema, mzigo wenye shaka haugawiwi. Chai ya rangi, yai moja la kuchemsha. Nilimchemshia uji wa oti, nikamweleza kwamba hizo zimeguswa tu. Akaonja vijiko vitatu kwa heshima yangu. Amekaa mezani na nafasi tupu mbele yake, pale linapokaaga bakuli, na akawa anapafuta kwa kiganja ingawa hapakuwa na kitu.

Nilidhani nitafurahi siku atakayoacha.

Ijumaa, 15 Machi

Fomu bado iko chumbani kwake. Nimeuliza, akasema anajaza, kuna tarehe anazitafuta.

Tarehe gani? Boksi lina tarehe mgongoni.

Jumamosi, 16 Machi

Nimempigia Dada. Nilitaka ushauri: nitie alama gani? Nilitegemea aseme tupa na tuagane. Akashusha sauti. Dada akishusha sauti kuna jambo.

Mdogo wangu, akasema, nilikuwa sijakwambia. Amepimwa mwezi uliopita. Sukari. Siyo mpakani, imeingia kabisa, ameanza dawa. Hakutaka kunitia wasiwasi nikiwa na Baba mikononi. Nikakaa chini, palepale kwenye ngazi za nyuma.

Nikamwuliza Baba anajua? Akaanza kulia. Alimwambia Jumamosi iliyopita, ile simu ya dirishani. Alikasirika kuhusu boksi, wakabishana, Baba akasema konfleksi hazijamdhuru mtu, na yeye ikamtoka. "Nikamwambia, Baba, mimi mwenyewe nina sukari, na ulitulisha hizo hizo." Alitaka kuyarudisha maneno yale yale pale pale. Baba akamwambia pole mwanangu, umekula lakini? Kisha akakata.

Umekula lakini!

Dada anasema hakumaanisha. Najua hakumaanisha. Ana miaka arobaini na tisa, anafanya kazi ya kukaa, mama yake Baba alikuwa na sukari pia, na yeye Dada anapenda soda kuliko nafsi yake. Nani anaweza kuchomoa kitu kimoja humo akasema ni hiki? Mimi siwezi na nina maabara.

Lakini Baba Jumapili ile alikula bakuli lake akijua habari ya Dada. Akakaa barazani, mikono magotini. Na mimi nilidhani anahesabu kumi na tatu nukta tisa.

Jumapili, 17 Machi

Asubuhi nimejipima kwa mashine yake, kwa siri. Tano nukta mbili. Nzuri kabisa. Bakuli zilikuwa mbili, zilijazwa kwa kikombe kimoja, mmoja kaugua, mwingine mzima. Nilifurahi kwa sekunde moja halafu nikaona haya.

Nikaingia jikoni. Baba amenyoa, amevaa shati lenye kola. Mezani hakuna bakuli, hakuna boksi. Fomu tu, imegeuziwa upande wangu. Akasema nimemaliza sehemu yangu, soma.

Mwandiko wake wa zamani wa kiwandani, herufi kubwa zimesimama wima. Ninanakili hapa nisije nikasahau hata nukta.

Bidhaa: konfleksi, chenga, na maziwa.

Kiasi: bakuli mbili kila asubuhi.

Tarehe ya uzalishaji: tangu wiki aliyofariki mama yenu, hadi mdogo alipomaliza shule.

Wapokeaji: watoto wawili, wa kike, miaka kumi na miaka sita.

Shaka iliyopo: mkubwa ana sukari.

Mwendesha mashine: sahihi yake, na namba yake ya zamu, 117.

Nilisoma mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza macho yalijaa. Yeye kakaa wima, mikono juu ya meza, kama wanavyokaa wakisubiri mzigo upimwe. Nikasema Baba, hii siyo fomu ya boksi. Akasema boksi halina shida, boksi nimeshaliacha, kula kwangu si kitu. Akasema yeye alikuwa anajua rola, hakuwa anajua kitu kingine, kiwanda kilimpa gunia akaona ni bahati. Mahindi ni chakula. Maziwa ni chakula. Angefikiria nini tena?

"Wewe umesoma. Unajua yanafanywa nini mle ndani kabla hayajafika kwangu na baada. Niambie. Sitabisha. Ila usinipitishe kwa huruma, mama. Nitajua."

Na atajua. Alijua konfleksi zisizo na shira kwa sikio.

Visanduku vitatu. Upite — nitakuwa nadanganya, tangu Jumatatu najua kwa jino langu mwenyewe. Yamesindikwa, na yamesindikwa sana, hakuna kukwepa. Uzuiwe — mpaka lini, mpaka kipimo gani? Waliokula wana miaka arobaini na zaidi. Utupwe — nitupe nini? Sahani juu ya bakuli? Jagi la maziwa katikati ya meza, limefunikwa kitambaa chenye shanga pembeni ili nzi wasiingie? Alishona zile shanga mwenyewe, zamu ya mapumziko, kwa vidole vile. Fomu haina mahali pa kuandika hayo. Inauliza bidhaa. Haiulizi nani aliamka saa kumi na moja.

Nilitaka kumwambia kwa mdomo. Nikafungua kinywa, akanyanyua kiganja. Kwa maandishi, akasema.

Nimemwambia ngoja nikatafute kalamu.

Ndiyo hivyo niko chumbani, nimekaa ukingoni mwa kitanda, naandika haya upesi upesi, daftari gotini. Fomu iko kando yangu, sehemu ya juu ina majibu, sehemu ya ubora chini ni nyeupe. Namsikia anasogeza kiti. Anakohoa kile kikohozi cha kukumbusha. Kalamu ninayo mkononi, ndiyo hii.

Ananiita.

"Mama, umeipata?"